Vidonge vya Manjano

Wodi ya Wanawake,
Nachingwea.
3 Julai 1979

Kwa mume wangu Baba Bibie,

Salaam nyingi. Mimi sijambo kidogo, hofu ni kwenu huko Nambilanje. Nimefika Nachingwea toka Dar es Salaam Jumamosi, siku tatu njiani, lori liliharibika mara mbili.

Waliyosema Dar ni haya. Ile mimba iliyotoka mwezi wa tatu, ile uliyoiona mwenyewe kama mayai ya chura, haikuwa mtoto. Lilikuwa kondo la nyuma tupu lililoota vibaya, na mabaki yake yamekuwa kansa. Nilipolisikia neno hilo nililia mpaka nikanyamaza mwenyewe. Lakini wanasema kansa ya namna hii ina dawa. Nimechomwa sindano mizunguko miwili kule, mingine nitaimalizia hapa kwa Daktari Dunstan. Nachomwa siku tano mfululizo, napumzika siku tisa, kisha tena. Wanaangalia damu na mkojo.

Sindano yenyewe haiumi sana. Yanayouma ni ya baadaye. Kinywa chote kimechubuka, hata uji nauacha upoe kabisa ndipo niunyonye kwa pembeni. Yupo nesi mmoja, Sista Lusiana, mtu wa Songea, mkali lakini mikono yake myepesi.

Jambo moja limenishangaza. Nilikuja na vile vidonge vya damu nilivyopewa kliniki, vile vidogo vya manjano. Sista amevichukua vyote. Akasema, "Hivi marufuku kwako mpaka tukwambie." Nikamwambia, damu yangu ni ndogo, wenyewe mmeandika kwenye karatasi. Akasema, "Ndiyo, na bado ni marufuku." Hakueleza, nami niliona haya kuuliza tena.

Halafu Daktari ana daftari kubwa la utafiti. Tumo wanawake kumi na wawili, wa kusini kote. Jina langu silioni humo, wameandika namba saba.

Ufuta umeshavunwa? Bibie analala kwa nani? Mwambie mama yake anakuja.

Mkeo,
Sikuzani binti Shehe


Nambilanje,
16 Julai 1979

Mama Bibie,

Barua yako nimeletewa na dereva. Nimeisoma mara tatu. Ufuta uko kichanjani, unakauka. Bibie analala kwa dada Fatu, anakula vizuri. Hayo yaishe.

Sasa nisikilize. Mtu ana damu ndogo, ananyang'anywa dawa ya damu. Anayenyang'anya haelezi. Jina lake halimo, ameandikwa namba kama gunia la ghalani. Na hiyo dawa anayopewa inamtoboa kinywa. Ungemsikia mwenzako anasimulia hivyo, ungesemaje? Mimi sikusoma sana, nimetoka kisomo cha watu wazima, lakini maana ya utafiti naijua. Ni kujaribu. Na anayejaribiwa haambiwi.

Nimekwenda zahanati nikasema mke wangu hana damu. Sikusema yuko wapi. Nimepewa vidonge vya manjano vingi tu. Nimevifunga kwenye kitambaa na kuvizika katikati ya huu unga wa muhogo anaokuletea dereva. Meza vitatu kila siku. Usimwambie Sista, usimwambie Daktari, usimwambie hata mgonjwa wa kitanda cha pili. Wakikuuliza, hujui kitu.

Ukiona nafuu, utajua nani alikuwa anakumaliza.

Mumeo,
Sultani Chilumba


Nachingwea,
19 Agosti 1979

Baba Bibie,

Unga umefika salama pamoja na kilichomo. Nakuandikia nikiwa nimeshiba, neno ambalo sijalisema tangu mwezi wa nne.

Nilianza kumeza siku ileile. Mzunguko wa sindano uliofuata nilikaa nikisubiri kinywa kitoboke kama kawaida. Siku ya nane, hamna kitu. Siku ya kumi, hamna. Jana nimekula ugali na kisamvu, na kisamvu chenyewe nikasema kimepungua chumvi. Ulisema kweli, mume wangu.

Lakini nina wasiwasi. Juzi Daktari Dunstan alinifungua kinywa kwa kijiko akakaa akitazama muda mrefu, kama mtu aliyepoteza kitu humo ndani. Kisha akamgeukia Sista.

"Huyu unamchoma wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Daktari."

"Siku zote tano?"

"Zote."

"Dawa yote iliyomo kwenye kichupa?"

Sista alichukua sinia lake akatoka. Tangu siku hiyo ufunguo wa kabati la dawa anatembea nao Daktari mfukoni.

Mimi najiuliza, mgonjwa akipata nafuu, kwa nini watu wanune? Hapo ndipo ninapokuamini wewe. Vidonge nimevishonea ndani ya mto. Kila asubuhi Sista ananiuliza, "Sikuzani, hakuna kitu unachokula tusichokijua?" Nasema hakuna. Ananitazama, nami namtazama.

Mbusu Bibie.

Mkeo,
Sikuzani


Nambilanje,
5 Septemba 1979

Sikuzani binti Shehe,

Safari hii sina salaam.

Fatu amerudi jana kutoka kukuona. Anasema umempokea kwa kicheko na mashavu yamejaa. Nilifurahi. Halafu akaniambia alichokisikia kwenye korido, wahudumu wawili wanaongea: "Yule wa Nambilanje, kipimo chake cha mimba kinazidi kupanda."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Mimi na wewe hatujakutana kitandani tangu kabla ya mwezi wa tatu. Huu ni wa tisa. Mimba inayopanda mwezi wa tisa ni ya nani? Ndiyo maana vidonda vimekwisha? Ndiyo maana Daktari anakufungua kinywa anakutazama muda mrefu? Kumbe mimi huku nahangaika kukuokoa, na wenzangu wananicheka.

Nimekwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani pamoja na ndugu wawili, nimesema mbele yao. Barua hii ni talaka yako moja. Bibie anabaki kwangu.

Sultani M. Chilumba


Wodi ya Wanawake,
Nachingwea.
15 Septemba 1979

Ndugu Sultani Chilumba,

Hatujuani. Mimi ni Lusiana Ndunguru, muuguzi wa zamu katika wodi aliyolazwa mkeo. Naandika bila kutumwa na mtu.

Sikuzani ametoroka. Jumanne asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, yeye hayupo. Ameacha sahani, kikombe na barua yako ya tarehe 5. Nimeisoma. Nisamehe kwa hilo, nilikuwa natafuta mahali alipokwenda. Kama umemchukua wewe, mrudishe leo hii. Kama hukumchukua, nisaidie kumtafuta.

Kwanza hilo la mimba. Kipimo chetu cha mkojo hakimtafuti mtoto. Kinatafuta kitu kinachotolewa na kondo. Ugonjwa wa mkeo umetokana na kondo, kwa hiyo nao unatoa kitu hichohicho, na kipimo kinaitikia mimba wakati tumbo ni tupu. Ndivyo tunavyoupima ugonjwa wenyewe. Tunauzimua mkojo kwa maji zaidi na zaidi, tuone unaacha kuitika wapi. Alipotoka Dar uliitika hata ukizimuliwa mara mia mbili. Mwezi wa saba ulishuka mpaka ishirini, tukafurahi. Sasa umepanda tena mpaka mia, na picha ya kifua ina madoa mawili ambayo hayakuwapo. Kupanda huko ndiko alikokusikia dada yako. Si mimba, Ndugu Sultani. Ni kansa inarudi.

La pili ni dawa. Nitakueleza kama Daktari alivyonieleza mimi. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna kitu kinachoitwa kimeng'enya. Vipo vya aina nyingi, na kila kimoja ni kama fundi mwenye kazi yake moja tu. Yupo fundi mmoja ambaye kazi yake ni kuichukua foliki asidi na kuigeuza iwe kitu cha kujengea chembe mpya. Foliki asidi ndiyo hiyo iliyomo kwenye vidonge vidogo vya manjano wanavyopewa wajawazito. Dawa tunayomchoma Sikuzani imetengenezwa ifanane sana na foliki asidi, hata fundi hawezi kuzitofautisha. Anaikamata, inamganda mikononi, haachii, na kazi inasimama. Chembe za kansa zinazaana kwa haraka kuliko zote, kwa hiyo ndizo zinazokwama mwanzo na kufa. Kinywa nacho hujijenga upya kila siku chache. Ndiyo sababu kinachubuka.

Sasa mwezi wa nane kinywa cha mkeo kilipona ghafla, na mkojo ukaanza kupanda. Yote mawili kwa wakati mmoja. Daktari anasema hilo lina maelezo mawili tu. Ama dawa haimfikii mgonjwa, ama kuna kitu kinaizuia kufanya kazi. Kwa hilo la kwanza ananishuku mimi. Anadhani nauza dawa na kumchoma mgonjwa maji. Hajalitamka, lakini nimeondolewa kwenye sindano na jina langu limepelekwa kwa wakubwa. Nina miaka tisa kazini.

Kwa hilo la pili nakuuliza wewe. Je, Sikuzani alikuwa anapata vidonge vya manjano kutoka popote? Mwenyewe nimemwuliza kila asubuhi, amekataa. Nijibu kwa haraka.

Wako katika kazi,
Lusiana Ndunguru


Nambilanje,
22 Septemba 1979

Kwa Sista Lusiana,

Nimepata barua. Mke wangu hayupo hapa. Alikuwa mikononi mwenu, nanyi ndio wa kusema yuko wapi.

Mimi ni mkulima. Vidonge sivijui.

S. M. Chilumba


Chiola,
28 Septemba 1979

Baba Bibie,

Bado nakuita hivyo kwa sababu baba wa Bibie ni wewe, talaka haijalifuta hilo.

Niko kwa Mjomba Kaimu. Nilipanda lori la mbao mpaka njia panda, nikamalizia kwa miguu kwa siku nzima. Mjomba ameisikia habari ya talaka kwangu mwenyewe. Akauliza, "Umekosa nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Mtu haachwi kwa sababu isiyojulikana." Nikaona naye anaanza kunihesabia miezi kwa jicho. Mama mdogo amenishika tumbo, amelikuta halina kitu. Mwenyewe ungelishika ungejua, lakini hukuja. Umemtuma Fatu, na Fatu ameleta maneno ya korido.

Hospitali sikukimbia kwa sababu ya kosa. Nilikimbia kwa sababu niliposoma barua yako niliona nimebaki peke yangu kati ya watu wanaonidanganya na mtu anayeniita mwongo.

Sasa nakohoa. Kuanzia juzi kuna damu. Si nyingi. Usiku sipati pumzi vizuri mpaka nikae.

Vidonge nimekuja navyo, vimebaki kumi na kimoja. Ili visiishe haraka nameza kimoja kimoja. Hata kama umeniacha, kama bado una huruma kidogo, nitafutie vingine, maana ndivyo peke yake vilivyonipa nguvu tangu niugue.

Sikuzani


Nambilanje,
2 Oktoba 1979

Mama Bibie,

Usimeze tena hata kimoja. Vilivyobaki mpe Mjomba Kaimu avitupe chooni.

Vidonge hivyo ndivyo vinavyoilinda kansa. Sista amenieleza na nimeelewa. Kinywa chako kilipona kwa sababu dawa ilikuwa imezuiwa. Daktari hakukosa, Sista hakukosa. Niliyekosa ni mimi.

Anayekuletea barua hii ni Modestus, mwalimu wa shule yetu, ameniazima miguu yake na baiskeli yake. Panda nyuma akupeleke Nachingwea leo. Usingoje kesho. Nakuomba, hata kama hutaki kunisikia kwa jambo lingine lolote, nisikie kwa hili.

Sultani


Nambilanje,
4 Oktoba 1979

Kwa Sista Lusiana Ndunguru,

Sista, barua hii mwonyeshe Daktari Dunstan na wakubwa wako wote.

Vidonge vya manjano nilimpelekea mimi, mwezi wa saba, ndani ya unga wa muhogo. Nilimwambia ameze vitatu kwa siku na awafiche. Alinitii. Dawa yenu hukuiba wewe.

Barua yako niliipata tarehe 19. Nilipofika pale ulipoeleza habari ya fundi, niliiweka chini nikatoka nje. Niliporudi niliisoma tena nikitafuta mahali nitakapoona mnanidanganya. Sikupaona. Ndipo nikakuandikia kwamba vidonge sivijui. Niliogopa kuitwa muuaji wa mke wangu. Nilijiambia labda mmekosea nyinyi, labda yuko mahali anapona. Mpaka yeye mwenyewe aliponiandikia kwamba anakohoa damu na ananiomba vingine.

Nilimshuku kila mtu, Sista. Wewe, Daktari, na yeye. Nafsi yangu tu ndiyo sikuishuku.

Kama kuna polisi, waje. Niko nyumbani.

Sultani Mohamedi Chilumba


Nachingwea,
30 Oktoba 1979

Ndugu Sultani,

Hakuna polisi. Barua yako Daktari aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi. Kisha akatoa ufunguo wa kabati mfukoni akauweka mezani mbele yangu. Nikamwambia, "Daktari, una neno la kuniambia?" Akasema, "Kamchome mgonjwa." Hilo ndilo lililotoka. Nimelipokea hivyo hivyo, lakini sijalisahau.

Sikuzani alifika tarehe 3 jioni juu ya baiskeli, mwalimu anasukuma, mjomba wake amemshika kiuno asianguke. Hakuweza kusema sentensi nzima bila kupumzika. Tulimwongeza damu kwanza. Mzunguko wa sindano ulianza tarehe 8. Siku ya saba baada ya hapo aliniita, akafungua kinywa. Kimechubuka chote. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, maana yeye alikuwa analia kwa maumivu.

Sitaki kukupa tumaini ambalo sina. Daktari anasema hawezi kuapa kwamba vidonge ndivyo vilivyoharibu kila kitu. Huenda kansa yenyewe imeizoea dawa. Chembe zingine hujitengenezea mafundi wengi zaidi, dawa ikashindwa kuwakamata wote. Mkojo wa wiki ijayo ndio utakaotuambia. Ukipanda, itabidi arudi Dar kwa dawa nyingine iliyo kali zaidi.

Kosa langu nalo nitalisema. Siku ya kwanza aliponiuliza kwa nini vidonge ni marufuku, sikumweleza. Nilikuwa na wagonjwa thelathini na wawili na nilidhani hataelewa. Wewe umeelewa kwa barua moja. Naye angeelewa.

Katika barua yako ya juzi umeomba kuja. Nimemwuliza. Amesema usije. Barua mbili ulizomwandikia tangu arudi wodini ziko chini ya mto, hajazifungua.

Lusiana Ndunguru


Nambilanje,
20 Novemba 1979

Mke wangu Sikuzani,

Sista ameniandikia kwamba mkojo umeshuka kutoka mia mpaka arobaini, na kwamba huendi Dar. Nilipoisoma nilikwenda shambani peke yangu nikakaa.

Leo, mbele ya mwalimu wa chuo na wale ndugu wawili walioshuhudia talaka, nimekurejea. Eda yako haijaisha, kwa hiyo hakuna ndoa mpya wala mahari mapya. Wewe ni mke wangu kama zamani. Mwalimu ameniambia mume hana haja ya kuuliza.

Korosho zimeanza kudondoka. Bibie anaokota, kila jioni ananiuliza jina la mahali ulipo, nikimtajia anasahau. Ukitoka hospitali njoo moja kwa moja. Nitakupokea njiani.

Mumeo,
Sultani


Nachingwea,
14 Desemba 1979

Sultani Chilumba,

Nimezifungua barua zako zote siku moja na kuzipanga kwa tarehe. Halafu nilimwomba Sista zile alizonazo yeye.

Moja ni ya tarehe 22 Septemba. Inasema vidonge huvijui. Nyingine ni ya tarehe 4 Oktoba, inasema vidonge ulileta wewe. Kati ya barua hizo ni siku kumi na mbili. Siku hizo karibu zote nilikuwa Chiola nameza na kukohoa, na wewe unajua. Ulipoleta vidonge ulikuwa hujui, hilo nimekusamehe zamani, maana hata mimi niliamini. Hizo siku kumi na mbili ndizo ninazozihesabu.

Daktari amenijia na daftari lake. Safari hii alikaa kitini, akaniuliza kama aandike kwamba mgonjwa wa saba alimeza foliki asidi kwa siri. Akasema, "Nisipoandika, wanaosoma huko mbele watadhani dawa ilishindwa yenyewe, na mwanamke mwingine atanyimwa." Nikamwambia aandike. Akauliza sababu. Nikamwambia andika kwamba hakuelezwa. Alinitazama, kisha akaandika. Nilisimama nyuma yake mpaka akamaliza, nikasoma mwenyewe.

Mkojo sasa unaitika ukiwa mtupu tu, ukitiwa maji hauitiki. Bado mizunguko mitatu au minne.

Unasema umenirejea na mume hana haja ya kuuliza. Sawa. Kurejea ni kwako. Kurudi ni kwangu. Nikitoka hapa nakwenda Chiola, kwa mjomba wangu, na Bibie namtaka huko. Kwa wazee wetu mume alikuwa anamfuata mke kwao, analima kwa wakwe, anatazamwa. Ukitaka kuwa na mimi, njoo Chiola ukae utazamwe. Hutaki, baki na mikorosho yako, wala sitakulaumu.

Kabla ya hapo pita Nachingwea. Simama mbele ya Daktari na wahudumu wa wodi hii useme kwa mdomo ulichokiandika. Sista Lusiana alishukiwa mbele za watu, na karatasi yako imesomwa chumbani.

Sikuzani binti Shehe


Chiola,
8 Februari 1981

Mpendwa Sista Lusiana,

Salaam nyingi toka kwa wote, na Mjomba Kaimu anasema ukipata likizo usipite Chiola bila kula.

Tumesikia umehamishiwa Masasi na umepandishwa cheo. Sikushangaa. Nakumbuka siku Sultani aliposimama wodini kofia mkononi, wewe ulivyoendelea kukunja mashuka mpaka akamaliza, kisha ukamwambia, "Haya, shika upande huu." Akakunja na wewe mashuka yote. Ananikumbusha mpaka leo, anasema adhabu yako ilikuwa ndogo na ndiyo iliyomchoma.

Tunaishi naye hapa. Amejenga kibanda chetu nyuma ya nyumba ya mjomba. Ndugu zake wa Nambilanje wanamcheka, mikorosho ameachiwa mdogo wake. Analima vizuri. Mjomba hamsifu mbele yake lakini mwaka huu amemwongezea shamba. Bibie ameanza kusoma herufi.

Kila miezi miwili tunakwenda Nachingwea kwa kipimo. Mkojo ni safi, mwaka wa kwanza wote safi, na madoa ya kifuani hayaonekani tena kwenye picha. Daktari Dunstan anasema kati ya wale kumi na wawili tuko hai tisa. Nilimwomba majina ya wale watatu. Hakuwa nayo, alikuwa na namba tu. Akaahidi kuyatafuta.

Na Sultani sasa karatasi ya kipimo anaichukua kwanza yeye, anaisoma yote, hata tarehe na mhuri. Akiikunja ananitazama kama anayeuliza kama yote yamo. Mwanzo nilikasirika. Siku hizi namwachia asome.

Lakini kuna hili nakwambia wewe peke yako. Mwezi uliopita Daktari aliniita ndani, Sultani amebaki nje anaziba pancha. Akaniambia muda umetimia, nikitaka mtoto sasa ninaweza kubeba, hakuna hatari kubwa. Nilimshukuru nikatoka. Tulipoiacha lami nyuma, Sultani anasukuma baiskeli kwenye mchanga, akauliza:

"Kasema nini?"

"Kasema mkojo safi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akaendelea kusukuma. Nilijua hakuamini, naye alijua kwamba nimejua. Hakuuliza tena. Zamani angeuliza mpaka nyumbani.

Nitamwambia, Sista. Labda baada ya mavuno. Kwanza nataka kukaa na neno hili mimi mwenyewe kwa muda, maana mwili huu umeamuliwa na watu wengi, na sasa ni zamu yangu.

Wako,
Sikuzani